Ndege ndogo ikiingia anga ya Washington haitunguliwi papo hapo

Katika makundi ya gumzo hurudi mara kwa mara ujumbe unaodai kwamba rubani binafsi akipotea njia na kuingia katika anga iliyozuiliwa ya Washington, nchini Marekani, ndege yake hutunguliwa papo hapo. Si kweli.

Masharti ya anga hiyo yalikazwa sana baada ya mashambulizi ya Septemba 2001: ndani ya maili za baharini 30 kuzunguka Washington, yaani kilomita 56 hivi, rubani hupaswa kuwasilisha mpango wa safari na kuwasiliana na waongozaji wa ndege. Anayekiuka huitwa kwa redio, hata katika masafa ya dharura ya megahezi 121.5; asipojibu, huweza kumulikwa kwa miale myekundu na ya kijani, au kusogelewa na ndege za kivita zinazomwelekeza atoke, na baadaye huweza kusimamishiwa leseni.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa kuwa ilani rasmi za marubani zinaonya kwamba silaha zinaweza kutumika dhidi ya ndege inayohesabiwa kuwa tishio la karibu, na ujumbe umelibeba onyo hilo bila hatua zinazolitangulia. Ilani hizo husomwa mtandaoni bila malipo. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.