Kwa nini ni timu moja tu inayochana mkeka

Jumapili jioni kijana niliyemfundisha hesabu miaka michache iliyopita alinisimamisha kijiweni kwao, pale wanapoegesha bodaboda. Baada ya shikamoo akanionyesha simu. Ulikuwa mkeka, yaani dau moja lililounganisha mechi kumi, ambalo timu moja ikikosa tu linapotea lote, ndiyo kuchanika: tisa zina alama ya kijani, moja nyekundu. "Ona mwalimu, timu moja tu. Nilikuwa nimeshafika." Wiki mbili kabla yake, timu moja pia ndiyo iliyomchania. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekata tamaa. Alikuwa na hakika kwamba yuko njiani, kwamba kilichobaki ni kidogo.

Hakika ile ndiyo iliyoniumiza kuliko pesa yenyewe, maana kidato cha nne nilimfundisha mada ya uwezekano kwa mifano ya sarafu na dadu, na sikuwahi kumfikisha hapa. Nikaomba kiti, nikaomba na karatasi. Niliyomweleza ndiyo haya, na ninayaandika kwa kuwa wanafunzi wangu wa sasa nao wanayahitaji, ingawa sheria ya Tanzania haimruhusu kubeti mtu aliye chini ya miaka 18.

Tuanze na odi. Odi ni namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, na ni uwezekano uliogeuzwa juu chini: gawa 1 kwa odi, utapata uwezekano ambao kampuni imeuweka kwenye bei yake. Chukua mechi ambayo mwenyeji amepewa odi 2.10, sare 3.30 na mgeni 3.40. Ukigawa unapata 0.476, 0.303 na 0.294. Sasa jumlisha. Kila mwanafunzi wangu anajua kwamba mechi lazima iishe kwa moja ya matokeo hayo matatu, na hayawezi kutokea mawili kwa pamoja, kwa hiyo jumla inapaswa kuwa 1 kamili. Hapa imekuja 1.073.

Ile 0.073 iliyozidi ndiyo fungu la kampuni. Haikufichwa popote, iko wazi kwenye odi kwa yeyote mwenye kikokotoo. Gawa 1 kwa 1.073, unapata takribani 0.93. Maana yake, odi zikiwa zimepangwa kwa uwiano ule ule, kila shilingi 1,000 inayowekwa kwenye mechi kama hiyo hurudisha kwa wachezaji wastani wa shilingi 930. Mechi nyingine hukatwa kidogo zaidi, nyingine kidogo pungufu, lakini jaribu kujumlisha mwenyewe mechi yoyote utakayoiona leo na utakuta jumla imepita 1.

Shilingi 70 katika elfu si nyingi, na kijana wangu alisema hivyo hivyo. Tatizo liko kwenye kuunganisha.

Mkeka wake ulikuwa na timu zinazotazamiwa kushinda, nyingi zikiwa na odi karibu na 1.50. Turahisishe, tuseme zote kumi ni 1.50. Kampuni huzidisha odi: 1.50 mara yenyewe hadi zitimie kumi, unapata 57.67. Dau la shilingi 1,000 linaahidi zaidi ya 57,000, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye skrini. Lakini uwezekano nao unazidishwa vilevile. Odi 1.50 inatoa 0.667; ukiondoa fungu la kampuni, yaani 0.667 mara 0.93, uwezekano wa kila timu kushinda unabaki kama 0.62. Ni timu nzuri kabisa, inashinda mara 62 katika mechi 100. Kwa kuwa mechi hizi ni matukio huru, matokeo ya moja hayabadilishi ya nyingine, tunazidisha: 0.62 kwa kipeo cha kumi ni 0.0084. Hiyo ni mara moja katika mikeka 119.

(Uhuru huo wa matukio kampuni zinaujua vizuri. Ndiyo maana kwa kawaida hukataliwa kuunganisha kwenye mkeka mmoja dau mbili za mechi moja zinazotegemeana, mfano timu fulani ishinde na timu hiyo hiyo ifunge bao. Kanuni ya kuzidisha ingeharibika, safari hii kwa hasara yao.)

Zidisha sasa ahadi na uwezekano wake: 57.67 mara 0.0084 ni karibu 0.48. Elfu yako moja ina thamani ya shilingi 484 tangu unapobonyeza kitufe. Lile fungu dogo la shilingi 70 limekatwa mara kumi, kila mara kwenye kilichobaki: 0.93 kwa kipeo cha kumi. Ukiongeza timu zikafika ishirini, zinabaki kama shilingi 234. Hata wakikupa bonasi ya asilimia 10 kwa sababu mkeka wako ni mrefu, zile 484 zinakuwa 532 tu.

Hapo alinikatiza. "Lakini mwalimu, mimi nilipatia tisa!"

Ndipo tulipofika mahali ninapotaka kila mtu asimame. Je, ni jambo la ajabu kiasi gani kupatia tisa kati ya kumi? Chukua uwezekano wa timu tisa kushinda, 0.62 kwa kipeo cha tisa, ambao ni 0.0135. Zidisha kwa uwezekano wa moja kutoshinda, 0.38. Halafu zidisha kwa kumi, kwa kuwa timu ya kukuangusha inaweza kuwa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya kumi. Hatua hiyo ya mwisho wanafunzi wengi huisahau kwenye mtihani, na ndiyo inayobeba siri yote. Jibu ni 0.051.

Kwa hiyo mkeka wa timu kumi unaoachwa na timu moja hutokea mara moja katika takribani mikeka 19 au 20. Mkeka unaoshinda hutokea mara moja katika 119. Kwa kila ushindi mmoja, "timu moja tu" zipo sita. Na mikeka ya kupatia nane ni mingi zaidi, karibu 14 katika kila 100. Mtu anayebeti kila siku ataguswa na "nilikuwa nimeshafika" zaidi ya mara moja kwa mwezi, bila kusogea hatua yoyote. Mkeka wa leo hauukumbuki wa jana. Unaanza tena kwenye 0.0084 ile ile.

Akili ya binadamu haikubali hilo kwa urahisi. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, kimpira cha ruleti, gurudumu la kamari lenye vyumba vyekundu na vyeusi, kilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walimwaga fedha kwenye nyekundu, kila mzunguko wakiongeza, kwa imani kwamba zamu yake imefika. Gurudumu halina daftari la zamu. Na anayesema "nimekosa kwa timu moja mara tatu, sasa lazima" anatembea njia ile ile.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: wapo wanaoujua mpira kweli, wanafuatilia majeruhi, wanajua nani anacheza vibaya ugenini. Sawa. Hesabu inawaambia wanachotakiwa kukifikia: kwa odi 1.50, ili usipate hasara, upatie mechi 67 katika kila 100, wakati odi zenyewe zinaashiria 62. Andika daftari la mechi zako mia moja kabla hazijachezwa, kisha hesabu. Sijakutana bado na aliyeniletea daftari hilo likiwa limetimia.

Darasani siku hizi sitaji kampuni wala timu. Ninachukua vizibo 50 vya soda, 31 vya rangi moja na 19 vya rangi nyingine, ndani ya mfuko mweusi. Thelathini na moja katika hamsini ni 0.62. Kila mwanafunzi anachota kizibo, anaandika, anakirudisha, anatikisa mfuko, mpaka mara kumi. Kukirudisha ni muhimu, la sivyo matukio hayawi huru tena. Katika darasa la wanafunzi 40 ninatarajia wawili hivi wapate tisa, na mara nyingi hakuna hata mmoja anayepata kumi. Wale wa tisa hupiga kelele kweli. Kisha ninawauliza, mkichota tena sasa hivi, mko mbele ya wenzenu kwa kiasi gani? Kimya kinachofuata kinafundisha kuliko ubao.

Kijana wangu alirudi kwenye karatasi. "Nikipunguza ziwe tatu?" Tukapiga: 0.93 kwa kipeo cha tatu, shilingi 804 katika elfu. "Moja?" Shilingi 930. Akafungua kumbukumbu za mikeka yake kwenye simu, akaanza kuhesabu kimya kimya iliyochanwa na timu moja, akitumia vidole, akifika kumi anaanza upya. Abiria alikuja, akamwomba mwenzake ambebe. Aliponiuliza kama ninaweza kumwachia ule mfuko wa vizibo hadi Ijumaa, nilikwenda nyumbani kuuchukua.