Watoto wa tumbo moja, hulka mbili

Mama mmoja anayeuza mitumba Kiboriloni alinijia hapa Moshi na binti yake wa miaka saba. "Dada, huyu nimemlea sawasawa na kaka yake. Kaka akiingia nyumba ya watu ni kama kwao. Huyu akiona mgeni anajificha kwenye kanga yangu. Nimekosea wapi?"

Hajakosea. Ila amebebeshwa ile methali yetu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kama hukumu, na inaniuma kuona akina mama wengi wanavyoibeba.

Mtoto huzaliwa na hulka yake: wepesi wa kushtuka, hamu au hofu ya kitu kipya, namna anavyotulia akishalia. Mwaka 1956, mjini New York, madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess walianza kufuatilia watoto 133 tangu uchanga. Kama asilimia 40 walikuwa wepesi kulea, 10 wagumu, 15 wa taratibu, wanaotaka muda wa kuzoea. Waliobaki walichanganya. Binti huyu ni wa taratibu.

Malezi yanaingia wapi? Kwenye kulingana na hulka hiyo. Desemba, ukoo unapopanda kijijini Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, binti husukumwa mbele ya shangazi ishirini: "Haya, amkia!" Anaganda, anacheka mmoja, mwingine anasema ana kiburi. Akisikia hivyo kila mwaka, aibu aliyozaliwa nayo inageuka woga wa watu. Afike mapema kabla nyumba haijajaa, amwamkie bibi kwanza, apewe sahani za kupanga, na mtoto yuleyule atakuwa mwingine.

Hata ugumu una siku yake. Marten deVries alifuatilia vichanga wa Kimaasai nchini Kenya wakati wa ukame wa miaka ya 1970, akakuta wasumbufu walinusurika zaidi kuliko wapole. Walikuwa wachache, siwezi kujenga sheria juu yao, lakini maelezo yake yanaingia akilini: anayelia ndiye anayenyonyeshwa.

"Kwa hiyo atabaki hivi?" mama aliuliza. Utaratibu wake huenda ukabaki. Woga si lazima. Tumekubaliana kila Jumamosi binti ampelekee maziwa jirani mmoja, yuleyule, mama akisubiri getini.