Je, wajua kwa nini waya wa siriali, ule unaopeleka data biti moja baada ya nyingine, hula betri hata data isipopita?

Chukua PalmPilot, kile kikompyuta cha kiganjani cha miaka ya 1990. Kilitumia betri mbili ndogo za AAA, na kwa matumizi ya kawaida zilikaa wiki kadhaa. Lakini ukikiunganisha na modemu kwa waya wa siriali, kisha ukaiacha programu imefungua mlango wa mawasiliano, betri huisha upesi hata kama hujatuma herufi moja.

Waya wenyewe hauna hatia. Mlaji yuko upande wa pili. Kanuni za RS-232, zinazoongoza waya wa siriali na zilizotungwa Marekani mwaka 1960, zinataka kila kipokezi kiwe na ukinzani wa omu 3,000 hadi 7,000. Na katika RS-232, kimya si volti sifuri. Waya wa data usiotuma kitu hushikiliwa kwenye volti hasi, angalau 5 chini ya sifuri. Faida yake ni kwamba waya ukikatika, volti hutoweka na hitilafu hujulikana. Hasara yake ni kwamba umeme hupita muda wote.

Tupige hesabu kidogo. Volti 5.5 kwenye omu 5,000 ni miliampea 1.1. Kifaa kikishikilia nyaya mbili, ule wa data na ule wa kutangaza kuwa kiko tayari, inakuwa 2.2. Ila betri mbili hutoa volti 3 tu, kwa hiyo kuna chipu ya kupandisha volti na kuzigeuza kuwa hasi, na kazi hiyo hudai mkondo unaozidi maradufu kutoka kwenye betri. Tuseme miliampea 5. Betri ya AAA yenye miliampea-saa 1,000 itaisha kwa siku nane, na hapo hatujagusa kioo wala prosesa.

Watengenezaji wa chipu waliliona hilo. Chipu kama MAX3221 hujizima yenyewe isipohisi volti za RS-232 kwenye kipokezi chake, ikabaki inatumia takribani mikroampea 1. Cha ajabu, ukiacha waya umechomekwa kwenye kompyuta iliyowashwa, kompyuta hiyo inaendelea kupeleka volti, na chipu haipati usingizi.

Wajanja nao waliuona umeme huo kama mlo wa bure: mausi za siriali za zamani hazikuwa na betri, zilijilisha kutoka kwenye nyaya za ishara za kompyuta.

Kwenye simu zenye tundu la micro-USB mambo ni ya wazi zaidi. Waya wa OTG, ule wa kuchomeka vifaa vingine kwenye simu, una pini moja iliyounganishwa na ardhi, yaani volti sifuri. Simu ikiihisi, inajua yenyewe ndiyo mwenyeji na inatoa volti 5 kulisha kitakachochomekwa. Kama ni adapta ya siriali, chipu yake inaweza kula miliampea 15 hivi kabla hujaunganisha chochote mbele yake.