Kustahiki Kukimbia Si Kustahiki Udaktari: Ufafanuzi kwa Wanamichezo Wenye GPA ya Chini Katika Vyuo vya Marekani

Kila ifikapo Mei, AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, inapofungua fomu zake za maombi ya vyuo vya udaktari nchini Marekani, ofisi za ushauri hupokea swali lilelile kutoka kwa vijana wetu wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokwenda kusoma kwa ufadhili wa riadha. Tangu sheria mpya ya mikopo ya wanafunzi itiwe saini huko Julai 4, 2025, wazazi nao wameanza kuuliza. Swali ni hili: kijana amekimbia Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, miaka minne, ana GPA (wastani wa alama, ambao juu kabisa ni 4.0) ya 2.9, kocha anamthamini sana. Je, chuo cha udaktari kitamchukua?

Kwa GPA hiyo, mwaka huu, hapana. Baada ya miaka miwili au mitatu ya kuirekebisha kwa utaratibu, inawezekana, na wapo wanaofaulu. Ila utaratibu huo una masharti, na mengi yamekaa mahali ambapo mwanafunzi hakudhani yapo.

Kwanza tuondoe dhana moja inayotugharimu muda mwingi. Chuo cha udaktari hakina timu. Kocha hana nafasi ya kugawa huko, na hakuna ufadhili wa riadha unaoendelea hadi udaktari. Wazazi hututajia Myron Rolle, aliyecheza mpira wa miguu wa Kimarekani Florida State, akaingia NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, na hatimaye akawa daktari wa upasuaji wa ubongo. Rolle alipata ufadhili wa Rhodes wa kusoma Oxford. Hakuwa mwanafunzi wa alama za chini aliyeokolewa na michezo. Alikuwa na alama za juu na michezo juu yake. Tafadhali mfano huo usitumike kumtuliza mtoto mwenye C tatu katika kemia.

Kiwango cha NCAA ni cha kucheza tu

Tatizo kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza, na huanza kimyakimya. Mshauri wa masomo wa idara ya michezo ana kazi moja kubwa: mwanamichezo asipoteze ruhusa ya kushindana. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa Divisheni ya Kwanza zinataka awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada mwishoni mwa mwaka wa pili, asilimia 60 mwishoni mwa wa tatu, na asilimia 80 mwishoni mwa wa nne. Kwa chuo kinachodai GPA ya 2.0 ili kuhitimu, anatakiwa kuwa na 1.8 kabla ya mwaka wa pili, 1.9 kabla ya wa tatu na 2.0 kuanzia wa nne. Mwenye 2.7 kwa hiyo huambiwa kila muhula kwamba yuko salama, na ni kweli yuko salama, uwanjani. Wanaoingia vyuo vya udaktari vinavyotoa shahada ya MD wana wastani wa GPA unaokaribia 3.8 na alama za MCAT, mtihani wa kuingia udaktari, zinazokaribia 512. Hakuna aliyemdanganya mwanafunzi. Aliulizia kizingiti kimoja, akadhani amejibiwa kuhusu vyote viwili.

Kwa hiyo tangu muhula wa kwanza awe na washauri wawili: wa idara ya michezo, na wa wanafunzi wanaojiandaa kwa fani za afya. Huyu wa pili hatamtafuta mwanafunzi. Mwanafunzi ndiye anayekwenda kwake.

Hesabu yenyewe

AMCAS haichukui GPA iliyoandikwa kwenye transkripti. Inahesabu upya kozi zote zilizosomwa katika kila chuo nchini Marekani, kisha inatoa namba tatu: ya masomo ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati, ya masomo mengine yote, na ya jumla.

Hapa ndipo wengi huumia. Mwanafunzi alipata C ya kemia ogani, kozi ya krediti nne, akairudia na kupata A. Chuo chake kinafuta C na kuonyesha A peke yake, naye anafurahi. AMCAS inahesabu zote mbili: krediti nne mara 2.0, krediti nne mara 4.0, jumla pointi 24 kwa krediti nane, yaani 3.0. Mfumo wa vyuo vya osteopathi (aina ya pili ya vyuo vya udaktari Marekani), AACOMAS, ulikuwa ukihesabu alama ya marudio peke yake, lakini uliacha mwaka 2017. Bado tunapata watu wanaopanga miaka yao kwa kufuata ushauri wa kabla ya hapo. Alama ya C ya kemia ogani usiirudie kwa sababu ya aibu. Chukua biokemia, fiziolojia au jenetiki, upate A, na kamati itaona umepanda. Rudia D na F, kwa sababu vyuo vingi havikubali chini ya C katika kozi za lazima.

Tuchukue mwanafunzi aliyemaliza miaka mitatu akiwa na krediti 90 na GPA ya 2.9, yaani pointi 261. Mwaka wa nne anajitahidi kweli, anapata 3.8 kwa krediti 30, pointi 114. Anahitimu na 375 kwa 120, sawa na 3.13. Akiongeza krediti 32 za sayansi baada ya shahada na kupata A zote, anafika 503 kwa 152, yaani 3.31. Huo ni mwaka mzima bila kosa hata moja, na namba imepanda kwa pointi 0.18. Ndiyo maana tunasisitiza mwaka wa kwanza: krediti zinapokuwa 15 tu, A moja inasogeza wastani, zinapokuwa 120, haisogezi kitu.

Namba ya jumla hata hivyo siyo yote. Kamati husoma mwelekeo. 3.3 iliyoanza na 2.5 na kumalizia na krediti 50 au 60 za 3.9 katika sayansi ngumu ni tofauti kabisa na 3.3 iliyoshuka kutoka 3.8.

Wiki ya mkimbiaji

Kanuni inasema saa 20 za mazoezi kwa wiki msimu wa mashindano, zisizozidi nne kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Lakini siku ya mashindano huhesabiwa saa tatu hata kama imekula siku nzima, na safari haihesabiwi kabisa. Basi linaloondoka Alhamisi saa sita mchana na kurudi Jumamosi usiku limechukua saa ambazo hakuna karatasi inayozionyesha. Mkimbiaji wa masafa marefu ana shida ya ziada: nyika, ukumbini, kisha uwanjani. Misimu mitatu imefuatana tangu Agosti hadi Juni, hana muhula ulio mtupu.

Panga hivi. Maabara iwe Jumatatu au Jumanne. Maabara ya Alhamisi alasiri itakosa vipindi vitatu au vinne kwa muhula, na maabara nyingi haziruhusu kufidia zaidi ya kimoja. Vyuo vingi huwapa wanamichezo nafasi ya kujiandikisha mapema, itumie kwa maabara kabla ya kitu kingine. Usibebe maabara mbili katika muhula wa nyika. Fizikia au kemia ogani iwekwe kiangazi, au katika msimu ambao umekubaliana na kocha kwamba hutashindana, ili usitumie mwaka wako wa ustahiki. Barua ya safari mpe mwalimu wiki ya kwanza ya muhula. Ukiileta usiku wa kuamkia mtihani, ana haki ya kukataa.

Kuacha kozi ukiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1

Hili tunalieleza kwa urefu kwa sababu madhara yake ni makubwa na hayarekebishiki haraka. Mwanafunzi ana krediti 13, anaona kozi ya krediti nne inaelekea F, anaamua kuiacha ili transkripti ionyeshe W (ameacha kozi) badala ya F. Ushauri huo ni wa kawaida kwa Mmarekani anayesoma krediti 16. Lakini mwenye F-1 akishuka chini ya 12 bila idhini ya afisa wa wanafunzi wa kimataifa, rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inaweza kusitishwa, na upande wa NCAA anakoma kustahiki kushindana siku hiyohiyo. Kurejeshwa kunataka fomu I-539 iliyojazwa ndani ya miezi mitano, au kutoka nchini na kurudi na I-20 mpya (hati ya chuo inayotumika kwa viza).

Idhini hutolewa kwa sababu za afya, kwa barua ya daktari, na haizidi jumla ya miezi 12 kwa ngazi moja ya shahada. Hutolewa pia kwa ugumu wa mwanzoni wa lugha, wa mfumo wa ufundishaji au wa kupangiwa kozi isiyo ngazi yako, na hapo lazima ubaki na angalau krediti sita. “Kozi ni ngumu na tuna mashindano” si sababu. Idhini huja kwanza, kuacha kozi baadaye. Kozi za mtandaoni nazo zina ukomo: moja tu, isiyozidi krediti tatu, ndiyo inayoingia katika zile 12 za muhula.

Kazi za kliniki zina mpaka huohuo. Kujitolea hospitalini katika nafasi ambayo kwa kawaida ni ya kujitolea kunaruhusiwa, na kumfuata daktari kazini pia. Kuandika kumbukumbu za wagonjwa kwa malipo nje ya chuo bila kibali ni ajira haramu, hata ikiwa saa tano kwa wiki.

Kurekebisha baada ya shahada

Njia zipo mbili kuu, na watu huzichanganya. Kozi za ngazi ya shahada ya kwanza zilizosomwa baada ya kuhitimu huingia katika GPA ileile ya zamani. Shahada ya uzamili maalumu ya sayansi za tiba, kama zile za Georgetown na Boston University, huandikwa katika mstari wake na haigusi GPA ya kwanza. Aliye chini ya 3.0 aanze na njia ya kwanza, kwa sababu baadhi ya vyuo huchuja kwa kompyuta kabla ya mtu kusoma faili. Aliye na 3.2 au 3.3 inayopanda anaweza kufikiria ya pili, akijua kwamba anasoma masomo yanayofanana na ya mwaka wa kwanza wa udaktari, na B hapo ni ushahidi dhidi yake. Mwenye F-1 ahakikishe programu inaweza kumtolea I-20.

MCAT ifanywe baada ya alama kusimama. Inaanzia 472 hadi 528. Ruhusa ni mara tatu kwa mwaka mmoja, nne kwa miaka miwili mfululizo, saba maishani. Kujiandikisha na kutokwenda huhesabika kuwa mara moja, na kuufuta mtihani siku hiyo vilevile. Vyuo huona alama zote zisizofutwa. Usiufanye msimu wa mashindano “kujipima”. Mitihani ya mazoezi ya AAMC, chama cha vyuo vya udaktari kinachoandaa MCAT, ipo kwa kazi hiyo.

Vyuo vya osteopathi, vinavyotoa shahada ya DO, huchukua wastani wa GPA unaokaribia 3.6 na MCAT ya takriban 504. Ni madaktari kamili Marekani, na tangu 2020 mafunzo ya ubingwa yako chini ya mfumo mmoja na wa MD. Kuwaita madaktari wa daraja la pili ni kukosa taarifa.

Fomu, na adhabu

Katika fomu ya AMCAS nafasi za kuorodhesha shughuli zako ni 15, herufi 700 kila moja, na tatu unazozichagua kuwa muhimu zaidi huongezewa herufi 1,325. Michezo ya chuo ina kipengele chake. Andika saa halisi pamoja na safari, kwa sababu ndizo zinazoeleza zile alama bila wewe kulalamika. Barua ya kocha ni nyongeza nzuri. Haichukui nafasi ya barua za walimu wa sayansi. Tuma Juni, si Septemba: uhakiki huweza kuchukua wiki sita.

Transkripti za vyuo vyote zitumwe, hata cha jamii ulikosoma kiangazi kimoja na kupata D. Kuficha chuo, kubadili alama au kutotaja adhabu ya nidhamu, hata iliyotokana na tukio la timu, hufunguliwa uchunguzi. Utapewa nafasi ya kujieleza, kisha ripoti itatumwa kwa vyuo ulivyoomba. Nafasi iliyokwisha kutolewa inaweza kufutwa. D iliyotajwa hueleweka, iliyofichwa haieleweki.

Kabla ya kulipa ada, inayozidi dola 170 kwa chuo cha kwanza na dola 40 na ushei kwa kila kinachofuata, angalia katika MSAR, orodha ya AAMC ya vyuo na masharti yao, ni vyuo gani vinapokea wasio raia wala wakazi wa kudumu. Vingi havipokei. Baadhi ya vinavyopokea hudai ada ya mwaka mmoja hadi minne iwekwe benki kabla ya kuanza. Mikopo ya serikali kuu haikuwahi kuwa ya wenye F-1. Kwa raia na wenye kadi ya kijani, kuanzia Julai 1, 2026 ukomo ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na mkopo wa Grad PLUS uliokuwa ukiziba pengo umeondolewa kwa wakopaji wapya. Fanya hesabu ya miaka minne yote.

Vyuo vya visiwa vya Karibea hukubali GPA ya 3.0 bila taabu, na ndiyo sababu tunaomba tahadhari. Waulize wangapi walioanza mwaka wa kwanza walihitimu kwa wakati, si wangapi kati ya wahitimu walipata nafasi ya ubingwa. Hiyo ya pili haiwahesabu walioachwa njiani wakiwa na deni. Na kama nia ni kurudi kufanya kazi nyumbani, andika kwanza kwa baraza linalosajili madaktari, yaani KMPDC kwa Kenya au Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara, utaje jina la chuo na aina ya shahada, na uweke jibu lao la maandishi kwenye faili lako kabla ya kutuma amana.