Je, mtu huzaliwa mhalifu?

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," watu husema kijana wa mwizi anapokamatwa akiiba. Kuna ukweli ndani yake?

Mwaka 1993, Han Brunner na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walieleza habari za ukoo mmoja ambao baadhi ya wanaume wake walishindwa kabisa kuzuia hasira. Mmoja alitiwa hatiani kwa kumbaka dada yake. Mwingine aliambiwa na bosi kwamba kazi yake hairidhishi, akataka kumgonga kwa gari. Kulikuwa na wachoma moto pia. Wote walirithi hitilafu katika jeni iitwayo MAOA, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja serotonini na kemikali nyingine za ubongo. Jeni hiyo imo katika kromosomu X. Wanawake wa ukoo huo walisalimika kwa kuwa wana X mbili, na nzima humfidia mwenzake. Mwanamume anayo moja tu.

Hitilafu ya namna hiyo ni adimu mno. Iliyoenea ni MAOA dhaifu, inayofanya kazi lakini kwa kujikongoja, na wanaume wengi wanayo bila kumdhuru mtu. Kwa nini basi wengine huharibikiwa?

Jibu zuri lilitoka Dunedin, New Zealand, ambako watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu wakiwa wadogo. Mwaka 2002 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao waliwachambua wanaume 442 kati yao. Waliokuwa na jeni dhaifu na pia waliteswa utotoni walikuwa asilimia 12 tu ya kundi, lakini waliangukiwa na asilimia 44 ya hukumu zote za makosa ya ukatili katika kundi hilo. Wenye jeni hiyohiyo waliolelewa vizuri hawakuonyesha hatari hiyo. Tafiti za baadaye hazikuafikiana zote, ila wazo lenyewe limesimama: kipigo na jeni vikikutana, madhara hupita ya kila kimoja kikiwa peke yake.

Na wizi je? Denmark walipekua kumbukumbu za watoto 14,427 walioasiliwa kati ya 1924 na 1947. Kati ya wavulana ambao mzazi wao wa damu alikuwa na hatia lakini waliowalea hawakuwa nayo, asilimia 20 walitiwa hatiani. Ambao wazazi wa pande zote walikuwa safi, asilimia 13.5. Damu ilichangia, tena katika makosa ya mali, si ya ukatili. Lakini wanne kati ya kila watano wa hao "watoto wa nyoka" hawakuuma mtu.

Mahakama hazikusubiri wanasayansi wamalize. Mwaka 2009, mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji mmoja kifungo kwa mwaka mzima, jeni zake zikiwa sehemu ya sababu. Kwangu huo ni mchezo wa hatari. Mwendesha mashtaka mjanja angeweza kushika vipimo vilevile akadai miaka iongezwe, maana mtu wa damu hiyo, angesema, atarudia tu.