Feniksi katika sarafu za Ugiriki: maana yake

Feniksi ni ndege wa hadithi za kale anayeungua hadi kuwa majivu, kisha akazaliwa upya humo humo. Katika sarafu za Ugiriki neno hili lina maana mbili: ni jina la sarafu, na ni nembo iliyopita mikononi mwa watawala wasiofanana hata kidogo.

Sarafu ya feniksi ilitolewa mwaka 1828 na Gavana wa Ugiriki, Ioannis Kapodistrias, vita vya kujitoa kwa Waosmani vikiwa bado vinaendelea. Ilipigwa kisiwani Aegina, kwa mashine iliyoletwa kutoka Malta. Ndege anainuka motoni, msalaba juu yake: taifa limefufuka. (Kwa Kigiriki cha leo neno la feniksi ni mtende pia. Ukilisikia, tazama kwanza kama kuna tende.)

Kapodistrias aliuawa 1831. Akaletwa Otto, kijana wa Bavaria (Ujerumani), awe mfalme, na drakma ikachukua nafasi ya feniksi. Sarafu zilimwita "Mfalme wa Ugiriki". Alipopinduliwa 1862 akaja George I kutoka Denmark, naye sarafu zake zikasema "Mfalme wa Wagiriki". Nchi na watu si kitu kimoja, na aliyekalia kiti cha mtu aliyefukuzwa na raia ana sababu ya kuwataja raia hao.

Ufalme ulipoondolewa 1924, ndege akarudi, safari hii kwenye drakma 5 za mwaka 1930. Wafalme nao wakarudi 1935.

Kisha wakaja makanali wa jeshi, waliopindua serikali Aprili 21, 1967, wakamfanya feniksi nembo yao na kumsimamisha askari mbele yake. Kioja kiko kwenye sarafu za 1971: upande mmoja askari na ndege, upande wa pili uso wa Mfalme Constantine II, ambaye alikuwa uhamishoni tangu Desemba 1967! Juni 1973 walifuta ufalme. Uso ukatoka, ndege akabaki, na upande wa pili wa sarafu wakachorwa bundi, farasi mwenye mabawa Pegasus au mungu wa kike Athena.

Utawala huo ulianguka 1974. Sarafu za 1976 zikabeba wanafalsafa wa kale Aristotle na Democritus, kiongozi wa Athene Pericles, na mashujaa wa vita vya uhuru. Ndege alikuwa ameshanuka kambi ya jeshi. Leo Kapodistrias mwenyewe yumo kwenye senti 20 za yuro ya Ugiriki, bila feniksi wake.