Nyumba ya familia Diani: soma kanuni za mtaa kabla ya kuitazama bahari

Mimi ni wakili wa mambo ya ardhi huku Pwani ya Kenya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhamisha umiliki wa nyumba na ploti upande wa kusini, kuanzia Tiwi hadi Galu. Zamani wanunuzi wengi walitaka nyumba ya kujia Desemba na Pasaka. Siku hizi napokea familia zinazotaka kuhamia kabisa: mume na mke wanaofanya kazi kwa kompyuta, wastaafu wanaokimbia baridi ya bara, Wakenya waliokaa Ghuba au Ulaya wanaotaka watoto wao wakulie nyumbani. Wanataka kuishi mwaka mzima ndani ya mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wageni wa likizo. Jambo hilo linawezekana, na ninazijua familia zinazoishi hivyo kwa raha. Ila karatasi ya kwanza ninayoiomba kwa muuzaji si hatimiliki. Naomba kanuni za mtaa, kumbukumbu za mikutano ya wamiliki ya miaka mitatu ya karibuni, na hesabu za ada ya huduma.

Mtaa wa likizo wenye lango moja na bwawa moja la kuogelea huwa na wenye nyumba wa aina mbili. Yuko anayeishi, na yuko aliyenunua ili apangishe kwa usiku kupitia Airbnb au Booking.com. Kila mmoja ana haki yake, lakini mahitaji yao hayapatani. Anayepangisha anataka bwawa liwe wazi hadi usiku, muziki usizimwe mapema, na lango lifunguke kila teksi inapopiga honi. Anayeishi ana mtoto wa kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri aoge, anywe chai, akalisubiri basi la shule. Mvutano huo haumalizwi kwa ujirani mwema. Unamalizwa kwa kura, na ndiyo maana nataka kujua kura ziko mikononi mwa nani.

Kwenye miradi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Sectional Properties ya mwaka 2020, ramani ya sehemu (inayoonyesha kila nyumba kuwa sehemu yenye hati yake) inapoandikishwa ndipo linapozaliwa shirika la wamiliki, na kila mwenye nyumba ni mwanachama bila kuomba. Kila sehemu hupewa kiwango chake, na kiwango hicho ndicho kinachoamua uzito wa kura yako na mchango wako kwenye mali ya pamoja. Mitaa ya zamani ina mpango mwingine: unapewa lisi (mkataba wa kukodi) ya muda mrefu, mara nyingi miaka 99 au iliyobaki, pamoja na hisa moja katika kampuni ya usimamizi. Hapo soma katiba ya kampuni neno kwa neno. Mara nyingi utakuta kifungu kinachomwachia mjenzi udhibiti mpaka auze nyumba ya mwisho. Akizishika nyumba mbili tatu na kuzipangisha wageni, udhibiti huo unaweza kuendelea kwa miaka mingi, na ninyi wengine mtalipa ada na kuhudhuria mikutano isiyoamua lolote.

Katika lisi yenyewe, kifungu ninachokitafuta kabla ya vyote ni kile cha matumizi. Miradi mingine ya hoteli huuza nyumba kwa sharti kwamba zote ziingie kwenye kapu moja la kupangisha, mwendeshaji azisimamie, na mwenye nyumba apewe wiki chache tu za kuitumia kila mwaka. Kama uwekezaji, huenda mpango huo ukamfaa mtu. Kwa familia haufai kabisa, hata bei ikiwa nzuri vipi. Kisha naangalia muda wa chini wa kupangisha, idadi ya wageni kwa nyumba, sherehe, wanyama wa kufugwa, ruhusa ya kuweka matanki na paneli za jua, na kama unaweza kuongeza chumba mama mzazi akija kuishi nawe. Mwisho naangalia idadi ya kura zinazotosha kuzibadilisha kanuni hizo. Kanuni nzuri inayobadilishwa na watu wachache kwenye mkutano mmoja haikulindi.

Kuna swali jingine ambalo wanunuzi huogopa kuuliza, nami huuliza kwa niaba yao: wanaopangisha wana leseni? Sheria ya Utalii ya 2011 inazihesabu nyumba za likizo za kupangisha kuwa biashara ya utalii inayohitaji leseni. Mtaa ambao wapangishaji wake wana leseni kwa kawaida una daftari la wageni, bima na mtu wa kupigiwa simu usiku. Mtaa usio na leseni hata moja, huku kila wikendi magari yamejaa, unakueleza jinsi unavyoendeshwa.

Sasa ada ya huduma, na hapa nitakaa kidogo. Tuchukue mtaa wa mfano wenye nyumba 20 na bajeti ya shilingi milioni 9.6 kwa mwaka: askari, mtunza bustani, dawa za bwawa, dizeli ya jenereta, pampu ya kisima, majitaka. Kila nyumba inadaiwa 480,000 kwa mwaka, yaani 40,000 kwa mwezi. Wenye nyumba sita wanaoishi mbali wasipolipa, linabaki pengo la milioni 2.88. Ama wale 14 wanaolipa waongeze takriban 206,000 kila mmoja, ama kitu kiachwe. Kinachoachwa kwanza ni kile kisichoonekana haraka: kuhudumia jenereta, kupaka rangi vyuma, kuweka akiba ya matengenezo. Miaka mitatu baadaye linakuja tangazo la mchango wa dharura. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa ada ni kiasi gani. Omba orodha ya wanaodaiwa (majina yafichwe, ni sawa), salio la akiba lililoko benki, na hesabu zilizokaguliwa. Muuzaji akikwepa kuzitoa, mimi humshauri mteja asilipe amana, yaani malipo ya kwanza ya kushikia nyumba.

Niingie kwenye hatimiliki, maana Pwani ina historia yake. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ploti ilikuwa Nyali, karibu na bahari. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha ikauzwa, mwishowe ikafika kwa kampuni hiyo. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta ikisema pale ni njia ya umma ya kuendea ufukweni. Kampuni ilikuwa na hati mkononi na ilijitetea kuwa ilinunua kwa nia njema. Majaji walisema mgao wa kwanza haukufuata sheria, kwa hiyo hati iliyozaliwa na mgao huo haina ulinzi, na nia njema ya mnunuzi haiwezi kuitakasa. Tangu hukumu hiyo, kupekua rejista ili kuona jina la mwenye ploti wa sasa hakutoshi. Tunarudi nyuma hadi mgao wa kwanza, tunatafuta barua, ramani ya upimaji na uamuzi wa mipango uliohalalisha ugawaji. Ni kazi ya wiki kadhaa, na kwa ploti ya ufukweni siwezi kumshauri mtu airuke.

Vilevile tunaitandaza ramani na kutafuta njia za kuendea baharini. Kanuni za upimaji zinataka kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa ubaki hifadhi ya serikali pale ardhi ya umma ya pwani inapopimwa ili igawiwe. Hati nyingi za kale zilitolewa chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, kwenye ule ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mipaka yake inakwenda kivyake. Ndiyo sababu mpimaji anapaswa kuja na kuzionyesha bikoni (alama za mpaka) moja moja, na mnunuzi awepo. Ukuta wa mtaa si mpaka.

Hati za 1908 ziliacha watu wengi wakiishi juu ya ardhi iliyoandikishwa kwa jina la mwingine, na madai yao yapo hadi leo. Mtu akikaa kwenye ardhi waziwazi kwa miaka 12 bila idhini ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kuidai. Nendeni mkaizunguke ploti kwa miguu. Ulizeni kwa wazee wa kijiji jirani: minazi ile ni ya nani? Huku mnazi unaweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi, na anayeukwea kila mavuno ana la kukwambia. Ulizeni kuhusu makaburi, na kuhusu njia ya wavuvi. Mitaa iliyofunga njia ya wavuvi huishi na ugomvi usiokwisha, na watoto wenu ndio watakaokua ndani yake.

Kwa wasomaji walio nje: Katiba ya 2010, kifungu cha 65, hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa lisi isiyozidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa hisa zake zote ni za raia tu. Mkenya wa kuzaliwa aliyepoteza uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine anaweza kuomba arudishiwe. Maliza jambo hilo kabla ya kutia sahihi, usilifanye baadaye.

Wanaonunua nyumba ambayo haijajengwa wahakikishe kama hatimiliki mama, yaani hati ya ardhi nzima ya mradi, imewekwa rehani benki. Mara nyingi imewekwa, na si kosa. Kosa ni kulipa bila barua ya benki inayoahidi kuiachilia nyumba yako ukishamaliza kulipa. Amana ya kawaida ni asilimia 10, na ni bora ishikwe na wakili hadi mauzo yakamilike.

Nyumba yenyewe ikaguliwe na fundi. Mimi si fundi, lakini yapo mambo machache ninayowaambia wateja wote. Njooni mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika na kusi ikivuma, mkaone paa linavuja wapi na barabara ya ndani ina maji kiasi gani. Kama nyumba iko ufukweni, njooni siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, mkatazame yanafika wapi kwenye ukuta. Picha za tangazo hupigwa maji mafu na jua la Januari. Onjeni maji ya kisima. Visima vilivyo karibu na bahari vikivutwa sana huingiwa na chumvi, na chumvi hiyo hula hita, mashine ya kufulia na mabomba. Paa la makuti ni zuri na linapoza nyumba, lakini linataka kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na kampuni za bima huliogopa kwa sababu ya moto.

Mei hiyohiyo itawaonyesha mtaa bila wageni. Mikahawa mingi inafunga, nyumba za jirani zina giza, watoto hawana wenzao wa kucheza nao. Wako wanaoupenda utulivu huo. Wengine huushindwa kufikia Juni. Pangeni nyumba mtaa huohuo msimu mmoja kabla ya kununua, mtajijua. Kuhusu hospitali na safari, hali imekuwa bora: barabara ya Dongo Kundu imewezesha kufika Mombasa bara na uwanja wa ndege bila kusubiri feri ya Likoni, na kwa mwenye mtoto mgonjwa usiku hilo ni jambo kubwa sana.

Gharama za kuhamisha hazifichiki. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani, kwa thamani inayokubaliwa na mthamini wa serikali. Nyumba ya milioni 25 Diani, basi, weka milioni moja kando. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu 2023, ni ya muuzaji. Msikubali iingizwe kwenye mkataba kama deni lenu.

Limebaki la majina kwenye hati, na familia nyingi hulikumbuka siku ya mwisho wakiwa wamechoka. Mume na mke wanaweza kuandikishwa kwa umiliki wa pamoja, ambapo mmoja akifariki, nyumba yote inakwenda kwa aliyebaki. Ndugu wanaochangia kununua nyumba ya wazazi hawawezi kuutumia mpango huo bila idhini ya mahakama. Wao huandikishwa kwa mafungu, na fungu la kila mmoja liandikwe wazi, nusu kwa nusu au vyovyote walivyochanga. Kwa wateja Waislamu nasisitiza zaidi, kwa kuwa mirathi yao inafuata sheria ya Kiislamu: wakichagua umiliki wa pamoja, nyumba haitaingia kwenye mirathi wala kugawanywa kwa watoto na wazazi wa marehemu. Wanaotaka kila mrithi apate fungu lake huandikisha mafungu tangu mwanzo, na huzungumza na kadhi wao kabla hati haijapelekwa masjala ya ardhi Kwale.